Shaba na Kidonda Chako

Ndugu msomaji, mtu akikuletea chupa ndogo yenye maji ya buluu na kukuambia, "Hii ni dawa ya shaba, yaponya vidonda na kurudisha ngozi ya ujana," usimcheke, wala usimpe fedha yako upesi. Usimcheke, maana neno lake lina kweli ndani yake. Usimpe fedha upesi, maana kweli ile si ya chupa yake. Ni ya mwili wako, nawe unayo tangu kuzaliwa. Tuzungumze jambo hili polepole, kwa kuwa mguu wa mtu waweza kupotea kwa ajili ya dawa nzuri iliyowekwa mahali pasipo pake.

Shaba yenyewe si mgeni kwetu. Kusini yetu iko Katanga, ambako wazee walichimba na kuyeyusha shaba miaka mamia mengi kabla Wazungu hawajafika. Waliimimina katika umbo la msalaba, na misalaba ile ilikuwa fedha. Mtu aliweza kutoa mahari kwa misalaba ya shaba. Union Minière waliyeyusha shaba yao ya kwanza Lubumbashi mwaka 1911, na tangu mwaka 1971 hata 1997 jimbo lote la Katanga liliitwa Shaba. Mwaka 2024 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za madini haya. Basi mtu wa Kasongo akisikia neno shaba, huwaza bangili ya nyanya yake, au waya, au malori ya mizigo yanayokwenda njia ya Zambia. Hawazi damu yake.

Lakini damu yake ina shaba. Mwili wa mtu mzima una kama miligramu 100 tu za shaba, uzito usiofika punje moja ya mahindi. Kiasi hicho kidogo kimetawanyika katika ini, ubongo, mifupa, misuli na damu. Kikipungua, mtu hukosa damu ya kutosha, mifupa yake hudhoofika, na kuta za mishipa yake hulegea.

Je, shaba hufanya kazi gani katika kidonda? Fikiri namna tunavyojenga nyumba ya miti na udongo. Kwanza tunafyeka kiwanja. Kisha tunasimamisha miti na kulaza fito. Kisha tunafunga fito kwa kamba za msituni. Mwisho tunakandika. Mtu asiyefyeka kiwanja hujenga juu ya mchwa, na mtu asiyefunga kamba huona nyumba yake imelala chini siku ya upepo wa kwanza.

Kidonda hujengwa vivyo hivyo. Siku za kwanza damu huganda, na chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, huja kula vijidudu na nyama iliyokufa. Ndiyo maana pembeni pa kidonda kipya huwa na joto na wekundu kidogo. Ni kazi ya kufyeka. Kisha chembe nyingine husuka nyuzi ngumu ziitwazo kolajeni. Hizo ndizo miti na fito za ngozi. Mishipa midogo sana ya damu huingia katikati yake, nawe utaona chini ya kidonda nyama changa nyekundu, yenye vichembechembe, inayotoka damu ikiguswa tu. Nyama ile ni njema, usiikwangue. Halafu huja kazi ya kamba. Kuna fundi mmoja mwilini, kimeng'enya kiitwacho lisili oksidesi, ambaye kazi yake ni kufunga uzi wa kolajeni na uzi mwenzake. Fundi huyu hafanyi kazi mikono mitupu. Chombo alichoshika ni shaba. Mnyang'anye shaba, naye aketi bila kazi, na nyuzi zalala ovyo kama fito zisizofungwa.

Kazi ya kufunga ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Baada ya miezi 3 kovu huwa na nguvu kama 80 kwa mia ya ngozi ya kwanza, wala halifiki 100 tena maisha yote. Kwa hiyo siku gamba linapoanguka, kidonda hakijamaliza kupona. Mwenye kovu jipya juu ya mundi, akirudi siku ile ile kusukuma baiskeli ya mizigo, pedali itamgonga pale pale, na kazi yote itaanza upya.

Sasa neno hili "peptidi". Nyama, samaki, maharagi, karanga, vyote vina protini. Protini ni kama mnyororo mrefu wa pete ndogo, na pete hizo huitwa asidi za amino. Mnyororo mfupi, wa pete chache, huitwa peptidi. Mwaka 1973 mtaalamu wa Marekani, Loren Pickart, alitangaza kwamba amepata katika damu ya watu peptidi ya pete 3 tu: glisini, histidini na lisini. Alikuwa akichunguza kwa nini chembe za ini la wazee, zikiwekwa pamoja na maji ya damu ya vijana, hufanya kazi kama chembe za vijana. Baadaye ikaonekana kwamba peptidi hiyo hupenda sana kushika shaba, na ikiishika huwa na rangi ya buluu. Ndiyo rangi ya maji katika ile chupa. Mtu wa miaka 20 ana kama nanogramu 200 za peptidi hii katika kila mililita ya maji ya damu. Mtu wa miaka 60 ana kama 80. Nanogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara bilioni. Utaona twazungumza juu ya vitu vidogo mno.

Mwaka 1988 Maquart na wenzake, huko Ufaransa, walionyesha kwamba chembe zisukazo kolajeni, zikipewa peptidi hii pamoja na shaba yake, husuka zaidi. Tena zile pete 3, kwa mfuatano ule ule, zimo ndani ya kolajeni yenyewe. Basi ngozi ikikatwa na nyuzi zikivunjika, vipande vile vyaweza kufunguka mahali pale pale. Ni kana kwamba nyumba imeanguka, na kifusi chake chenyewe chamwita fundi! Mimi nikisoma habari hiyo nastaajabu, wala sioni haya kusema hivyo.

Hapo ndipo wauzaji husimama. Sisi tusisimame hapo. Chembe zilizo katika bakuli la kioo si mguu wa mtu. Bakuli halikanyagi matope, halina usaha, wala halilali njaa. Basi wataalamu walijaribu kwa watu. Mwaka 1992 ilitangazwa habari ya wagonjwa wa Marekani wenye vidonda vya mguu vya namna ile itokayo damu ikikwama katika mishipa. Waligawanywa makundi matatu: wengine walipakwa peptidi ya shaba, wengine pomadi ya sulfadiazini ya fedha, wengine pomadi tupu isiyo na dawa. Ile ya fedha iliishinda pomadi tupu. Ile ya shaba haikuishinda. Miaka 2 baadaye, mwaka 1994, Mulder na wenzake walitangaza jaribio jingine, safari hii kwa wagonjwa wa sukari wenye vidonda vya nyayo. Huko waliopakwa jeli ya peptidi ya shaba walipona vizuri zaidi kuliko wasiopakwa.

Mashahidi wawili, maneno mawili. Wazee wakiketi barazani na kukuta mashahidi hawapatani, hawatoi hukumu kwa kelele za yule mwenye sauti kubwa. Wataita wengine, wataulizia tena. Mpaka sasa dawa hii haimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Huuzwa kama kitu cha urembo wa ngozi. Na tazama neno moja la jaribio la 1994 ambalo wauzaji hawalisemi: wagonjwa wale wote walisafishwa vidonda na kukatwa nyama iliyokufa, na mafundisho ya kutunza nyayo walipewa. Jeli iliwekwa juu ya kazi iliyokwisha kufanywa. Haikuwekwa juu ya uchafu.

Mtu wa Kasongo asiseme kwamba kuuliza hivi ni desturi ya wageni tu. Mwaka 1981 gazeti la waganga liitwalo The Lancet lilichapisha habari iliyofanywa hapa hapa Kasongo, ya watoto wa miezi 7 hata 35. Swali lilikuwa hili: mtoto aliyechanjwa surua, je, huishi zaidi kweli, au huokoka surua akafa kwa ugonjwa mwingine? Wataalamu walibishana miaka mingi juu ya jibu lile. Tangu hapo faida ya chanjo ya surua imethibitika katika nchi nyingi, nawe mpeleke mtoto wako achanjwe bila kusitasita. Lakini swali lilikuwa jema, na jina la mji wetu limeandikwa pamoja nalo. Yafaa tuwaulize vivyo hivyo wenye chupa: mliwahesabu wangapi waliopona, na wangapi waliopakwa pomadi tupu wakapona vile vile?

Nitasema kidogo juu ya bangili, maana watu huuliza. Bangili ya shaba haina kosa, ni pambo zuri. Wengine huivaa wakitumaini itaondoa maumivu ya viungo. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha York, Uingereza, kilitangaza jaribio la watu 70 wenye ugonjwa wa viungo. Bangili ya shaba haikuonyesha faida yoyote juu ya maumivu wala uvimbe. Ivae kwa uzuri wake.

Sasa nakuja kwenye hatari iliyo kubwa kuliko chupa ya bei ghali. Hatari hii ni ya bei rahisi. Mtu akisikia "shaba yaponya", aweza kukumbuka yale mawe ya buluu ambayo watu wa pwani huyaita mrututu. Mrututu ni chumvi ya shaba. Robo ya uzito wake ni shaba. Wakulima huichanganya na chokaa na kunyunyizia mimea ili kuua ukungu. Watu wa zamani waliisaga na kuitia vidondani. Hata waganga wa hospitali, mwanzoni mwa karne ya 20, walisugua kope za wagonjwa wa trakoma kwa kijiti cha jiwe hili, na waligusa nalo nyama iliyozidi katika kidonda. Waligusa tu, tena kwa mkono uliofundishwa, kwa sababu jiwe hili huchoma. Halina kuchagua. Huua kijidudu, na huua pamoja nacho zile chembe zinazokusukia kolajeni. Mtu huona gamba gumu limefunika kidonda, afurahi, aseme, "Kimekauka." Hakikukauka, kimeungua, na chini ya gamba usaha unatembea.

Je, si shaba ile ile? Ndiyo, ni ile ile. Makaa ya moto ya mhunzi ni yale yale pia, lakini mhunzi hayashiki kwa vidole, huyashika kwa koleo. Mwilini shaba haitembei peke yake. Hubebwa na protini tangu matumbo hata ini, na tangu ini hata pale inapohitajiwa. Ile peptidi ya pete 3 ni koleo dogo. Mrututu ni kaa lisilo na koleo. Ukiutia katika kidonda kikubwa, shaba nyingi huingia damuni. Ukimezwa, mtu hutapika, chembe nyekundu za damu yake hupasuka, na figo zaweza kufa. Mtoto mdogo aweza kufa yeye mwenyewe. Basi mama, ikiwa mume wako ana mawe ya buluu kwa ajili ya shamba, yawekwe mbali na chumvi ya kupikia, mbali na watoto, na yasiguse kidonda cha mtu yeyote.

Nasema haya kwa nguvu kwa sababu ya vidonda vya miguu vya nchi hii. Mchimba dhahabu wa Salamabila au Namoya, huko Kabambare, hujikwaruza mundi kwa jembe au kwa jiwe. Ni mkwaruzo mdogo. Hauzuii kazi, naye asimama tena siku nzima katika maji ya matope. Siku chache zapita, mahali pale huvimba, hufanya lengelenge, hupasuka, na kidonda hupanuka kwa haraka, chenye harufu mbaya na maumivu makali. Hiki ndicho watu hukiita donda ndugu. Huja kwa vijidudu vinavyopenda nyama iliyokufa na mahali pasipo hewa, na humshika zaidi mtu asiyekula vizuri. Kikiachwa, hula mpaka misuli na mfupa. Kikikaa miaka mingi bila kufunga, chaweza kugeuka saratani. Mguu mmoja wa kijana ni ada ya shule ya wadogo zake, na ni chakula cha mama yake. Kijana huyo atanunua kitu gani kwa dhahabu yake ya kwanza? Nisingependa iwe chupa ya buluu.

Na ikiwa wewe mchimbaji washika zebaki kwa kukamata dhahabu, usiishike ukiwa na kidonda mkononi, wala usiichome ndani ya nyumba. Moshi wake ni sumu hasa kwa watoto na kwa mama mwenye mimba. Jambo hili lataka kurasa zake lenyewe.

Tuseme sasa kazi ya kufyeka kiwanja. Chemsha maji, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Katika nusu lita tia chumvi kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa, si kilima. Osha mikono yako kwa sabuni. Sabuni ya mawese iliyotengenezwa hapa kwetu yatosha kabisa. Mwagia kidonda maji yale kwa wingi mpaka udongo utoke. Usitie majivu, wala kinyesi cha mnyama, wala udongo, wala dawa ya meno. Udongo na kinyesi hubeba mbegu za pepopunda, na pepopunda huua mtu mwenye kidonda kidogo kama ncha ya mwiba. Kisha funika kwa kitambaa safi. Kipande cha kikwembe cha zamani chafaa, kikichemshwa na kuanikwa juani mahali pasipo vumbi, kisha kikapigwa pasi. Kitambaa kikishikamana na kidonda, kiloweshe kwa maji yale ya chumvi kwanza, usikivute kikiwa kikavu. Ukikivuta wang'oa miti uliyosimamisha jana.

Watu wengi husema, "Acha kidonda kipate upepo, kikauke." Mimi sikubaliani nao. Chembe za ngozi hutambaa juu ya kidonda chenye unyevu, kama vile mbegu huota katika udongo wenye maji. Juu ya kidonda kilichokauka hutambaa kwa shida. Tena kidonda kilicho wazi hukaribisha inzi, na inzi ametoka chooni.

Halafu pumzisha mguu, uinue juu ya kiti au juu ya mkeka uliokunjwa, ili maji ya uvimbe yarudi. Najua neno hili ni gumu kwa mtu anayekula jasho la siku ile ile. Lakini mwenye donda ndugu akipumzika mapema, na akapewa penisilini na munganga kwa kipimo kinachofaa, mara nyingi hupona. Akingoja mwezi mmoja, labda itamlazimu kulazwa, kukatwa nyama iliyooza, na kubandikwa ngozi iliyotolewa pajani. Ni bora kupoteza siku chache za mto kuliko msimu mzima.

Njoo hospitalini au kituo cha afya siku hiyo hiyo ukiona mambo haya: wekundu unapanda juu ya mguu, au una homa, au tezi za kinena zimevimba, au kidonda chanuka, au mfupa waonekana, au taya lako lakaza. Njoo pia ikiwa hukumbuki umechanjwa pepopunda lini. Na njoo hasa ikiwa kidonda hakiumi. Watu hufurahi kidonda kisipouma, na hapo hukosea. Ukoma huondoa maumivu. Ugonjwa wa sukari huondoa maumivu ya nyayo. Kidonda cha Buruli huanza kama uvimbe mdogo usiouma, kisha hufunguka, na pembe zake hujificha chini ya ngozi. Magonjwa haya yote matatu yana dawa zake, na hakuna hata moja linaloponywa kwa pomadi ya shaba.

Lakini kamba za fundi zatoka wapi, basi, kama si katika chupa? Zatoka katika sufuria. Mtu mzima ahitaji shaba kama miligramu 0.9 kwa siku. Mama anyonyeshaye kama 1.3. Gramu 100 za karanga zina kama miligramu 1.1. Konzi moja ya karanga, basi, yampa mtu karibu theluthi ya haja yake ya siku. Ini la ng'ombe lina shaba nyingi mno, zaidi ya miligramu 10 katika gramu 100, hata kipande kidogo mara moja kwa juma chatosha. Mama mwenye mimba asilile mara kwa mara, kwa sababu ya wingi wa vitamini A. Maharagi, ufuta, uyoga wa msituni unaoujua vizuri, na majani ya kijani, vyote vina shaba ndani yake. Muhogo peke yake una shaba kidogo, na protini kidogo zaidi.

Nisikudanganye hapa pia. Watu wachache tu hukosa shaba. Wagonjwa wetu wenye vidonda visivyofunga mara nyingi hukosa kitu kingine: protini ya kusukia nyuzi, vitamini C ya machungwa, mapera na majani mabichi, zinki ya nyama na samaki, au damu yenyewe iliyoliwa na malaria na minyoo. Uzuri wa chakula ni kwamba hakiji na kitu kimoja. Sombe iliyotwangwa na kupikwa vizuri, ikatiwa karanga na mawese, pamoja na ndakala kidogo juu yake, yaleta shaba, protini, zinki na mafuta kwa pamoja. Hakuna chupa ifanyayo hivyo. Nami huona huzuni nikimwona mgonjwa ameketi kitandani na ugali mtupu, na chini ya mto wake kuna pomadi ya bei kubwa aliyonunuliwa na ndugu zake. Walimpenda kweli. Laiti wangaliandika kwanza karanga, maharagi na samaki katika hesabu yao.

Imebaki ngozi nzima, ile isiyo na kidonda. Mtu mzima mwenye fedha zake, anayetaka ngozi ya uso iwe laini, akipaka mafuta yenye peptidi ya shaba, simkatazi. Majaribio madogo yameonyesha ngozi ya wazee ikinenepa kidogo na mikunjo ikipungua kidogo. Kidogo, nasema. Kivuli, kofia na mafuta ya kawaida baada ya kuoga vyasaidia pia, kwa fedha chache. Asikubali tu kuchomwa sindano ya kitu hicho na mtu wa sokoni, kwa maana sindano ni mlango wa damu, na mlango ule haufunguliwi kwa ajili ya urembo.

Ninachoogopa zaidi ni kilichomo ndani ya chupa kwa jina la uongo. Mafuta ya kujichubua huuzwa kwa maneno mazuri: yaponya madoa, yarudisha ujana. Ndani yake huwa hidrokwinoni, au zebaki, au klobetasoli, ambayo ni dawa kali ya ngozi isiyofaa kupakwa kila siku bila munganga. Ngozi iliyozoea klobetasoli huwa nyembamba kama karatasi. Ikichanika, haifungi, ikishonwa, uzi hukata nyama. Daktari wa upasuaji akimkuta mama wa namna hiyo mezani, jasho humtoka. Ndiyo habari ya kuchekesha kwa huzuni: mtu hununua mafuta ili ngozi ipone vizuri, na mafuta hayo hayo huiondolea ngozi uwezo wa kupona.

Ikiwa umekwisha kununua chupa, tazama maandiko yake. Peptidi ya shaba huandikwa Copper Tripeptide-1. Ukikuta jina hilo pamoja na majina mengine usiyoyajua, au ukikuta chupa isiyo na maandiko yoyote, usiipake. Usiipake juu ya kidonda kilicho wazi hata kama maandiko ni mazuri. Ilete hapa pamoja na kidonda chako, tuisome pamoja, na maji ya chumvi yatakuwa tayari.